Kuhoji mashahidi, watoto na kumjua mwongo: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya yanatoka kwa wazazi, walimu, askari vijana, maafisa ustawi, wanafunzi wa sheria na watu wa kawaida tu ambao kuna kitu kimewagusa. Majibu mengine ni marefu kwasababu ishu yenyewe haijibiki kwa mstari mmoja, mengine mafupi. Ukiwa na haraka na kuna mtoto amekuambia kitu leo hii, ruka moja kwa moja mpaka kwenye swali linaloanza na "Mtoto ameniambia", soma pale kwanza, haya mengine utarudi baadae.

Naweza kumjua mtu anayedanganya kwa kumwangalia tu?

Hapana. Najua watu wengi hawalipendi jibu hili ila ndo hali halisi. Mwaka 2006 Charles Bond na Bella DePaulo walikusanya tafiti zote walizoweza kuzipata ambazo watu walipewa kazi ya kusema nani anadanganya na nani anasema kweli, jumla yake ni watu zaidi ya 24,000 waliotoa hukumu, na wastani wa kupatia ukawa 54%. Ukirusha shilingi unapata 50. Yaani faida yote ya macho yako, uzoefu wako wa maisha, na ile hisia ya "mimi mtu akinidanganya najua tu" ni asilimia nne juu ya kubahatisha.

Na ukichimba ndani zaidi, zile kauli za kweli watu walizitambua 61%, za uongo 47% tu. Maana yake tuna mazoea ya kuamini, na hayo mazoea sio mabaya, bila hayo hakuna mtu angeishi na mwenzake. Shida inaanza pale mtu mwenye mamlaka ya kumfunga mwingine anapojipa kipaji ambacho hakuna mtu amewahi kuthibitisha kwamba anacho.

Mbona kila mtu anajua mwongo hakuangalii machoni?

Kila mtu anaamini hivyo, kweli kabisa. Kuna timu ya watafiti iliwauliza watu wa nchi nyingi sana duniani "unamjuaje mwongo?" na jibu lililoongoza karibu kila mahali ni hilo hilo la macho. Ila DePaulo na wenzake mwaka 2003 walipitia dalili 158 zinazodaiwa kuonyesha uongo, wakakuta nyingi hazina uhusiano wowote na uongo au uhusiano wake ni mdogo mno kiasi kwamba huwezi kuutumia kwa mtu mmoja aliyekaa mbele yako. Macho yamo humo humo kwenye zisizosaidia.

Sababu ni rahisi. Mtu mwenye hofu anahangaika, anajikuna, sauti inapanda, anameza mate, na hofu hiyo anayo mwongo anayeogopa kugundulika na anayo pia mkweli anayeogopa kutoaminiwa. Sasa utawatofautisha vipi kwa jasho? Alafu mwongo naye ameshasikia hiyo habari ya macho kwahiyo anakukazia macho kwa makusudi. Na mtoto ndo kabisa, maana zipo jamii nyingi ambazo mtoto analelewa asimkazie macho mtu mzima anayemhoji, ile heshima aliyofundishwa nyumbani inakuja kusomwa kama dalili ya uongo. Hili linaniuma sana kila nikilifikiria.

Sawa kwa mtu wa kawaida, lakini askari na mahakimu wazoefu si wanajua?

Wana uhakika zaidi, hawana usahihi zaidi. Mwaka 1991 Paul Ekman na Maureen O'Sullivan waliwapima polisi, majaji, madaktari wa akili, wapima poligrafu (ile mashine inayodaiwa kugundua uongo) na wengine, kundi pekee lililovuka kubahatisha lilikuwa walinzi wa Secret Service ya Marekani, wastani wao 64%, na hao nao wakikosea zaidi ya mara tatu kwenye kila kumi huwezi kujenga kesi juu yake.

Kinachotisha ni kwamba mafunzo ya kusoma mwili na uzoefu kazini vinamsogeza mpelelezi kwenye kuona uongo kila mahali bila kumwongezea usahihi wowote. Na hawezi kujisahihisha, kwasababu kazi yake haimrudishii majibu: akimkamua mtu mpaka akakiri basi anahesabu kwamba alipatia, mtu asipokiri anasema "huyu mjanja". Hakuna siku ataambiwa pale ulikosea.

Na zile ishara za uso za sehemu ya sekunde?

Zipo, nyuso zinafanya hivyo wakati mwingine, lakini hazitokei mara nyingi, wakweli nao wanazitoa, na hazikuambii mtu anaficha nini. Serikali ya Marekani iliweka maafisa viwanja vya ndege wa kuwasoma abiria tabia, na mwaka 2013 ofisi yao ya ukaguzi, GAO, ikasema kuanzia 2007 zimetumika kama dola milioni 900 na hakuna ushahidi kwamba njia hiyo inawatambua watu hatari, ikashauri fedha za mpango huo zibanwe.

Poligrafu je, mashine haina upendeleo?

Mashine inapima pumzi, jasho la vidole, presha na mapigo ya moyo. Haipimi uongo, kwasababu mwili hauna kitu kinachotokea kwenye uongo peke yake na kisitokee kwenye hofu, hasira au aibu. Baraza la taifa la utafiti la Marekani lilipitia ushahidi wote na ripoti yake ya 2003 ikasema msingi wa kisayansi ni dhaifu, hasa kwa kuchuja wafanyakazi. Aldrich Ames wa CIA, shirika la ujasusi la Marekani, alipita poligrafu mwaka 1986 na tena 1991 huku tayari anawauzia Wasovieti siri, akaja kukamatwa 1994 kwa njia nyingine kabisa. Na huko huko Marekani sheria ya 1988 iliwakataza waajiri wengi binafsi kuitumia kwa wafanyakazi wao.

Kinachofanya ionekane inafanya kazi ni woga wa mashine. Mtu anaamini itamuumbua basi anasema mwenyewe. Woga huo huo unamfanya asiye na kosa akubali.

Mtu mwenye akili timamu anawezaje kukiri kosa ambalo hakulifanya?

Hapa ningependa msomaji atulie kidogo, kwasababu watu wengi hata waliosoma wanaona haiwezekani, "mimi hata wanifanye nini siwezi kusema nimeua wakati sijaua". Unaweza.

Angalia kesi ya Central Park, New York, 1989. Mwanamke alishambuliwa usiku akiwa anakimbia mazoezi, wakakamatwa vijana, watano wakaishia gerezani, walikuwa na miaka 14 mpaka 16. Walihojiwa masaa mengi, wanne kati yao wakarekodiwa kwenye video wakieleza walivyoshiriki. Maelezo yao hayakulingana yenyewe kwa yenyewe wala na eneo la tukio, na DNA haikuwa ya yeyote kati yao, bado wakafungwa. Mwaka 2002 mtu mwingine kabisa, Matias Reyes, akasema ni yeye peke yake, DNA ikalingana naye, hukumu zikafutwa. Wote watano walishatumikia vifungo.

Au Iceland, wanaume wawili walipotea 1974, watu sita wakafungwa kwa maelezo yao wenyewe tu, hakuna maiti, hakuna ushahidi wa kushikika. Baadhi waliwekwa peke yao kwenye seli kwa muda mrefu mno, na baada ya kuhojiwa na kuhojiwa wakaanza kutilia shaka kumbukumbu zao wenyewe, labda kweli nilifanya nimesahau. Gisli Gudjonsson, ambaye alishawahi kuwa polisi huko huko kabla hajawa mwanasaikolojia, alitumia sehemu kubwa ya maisha yake kueleza hali hiyo. Mahakama ya Juu ya nchi hiyo iliwafutia wanaume watano hatia ya mauaji hayo mwaka 2018, zaidi ya miaka arobaini baadae, wawili wao wakiwa wameshafariki.

Njia inayofikisha huko ina hatua zake na inaanza na lile swali la kwanza kabisa hapo juu. Mpelelezi anamwangalia mtu dakika chache, anaona "huyu anahangaika", anaamua ni yeye. Baada ya hapo hayaulizwi tena maswali ya kutafuta habari, yanakuja madai: tunajua ni wewe, tunataka kujua kwanini tu. Akikana anakatizwa. Anapewa kisingizio laini, "labda ulipitiwa, hata mimi ningekasirika". Sehemu nyingine polisi wanaruhusiwa hata kumdanganya kuna alama za vidole wakati hakuna. Mtu amechoka, hajalala, anataka kwenda nyumbani, na anafikiri moyoni nikubali tu yaishe, ukweli utajulikana mbele ya safari. Hajui kwamba akishakiri hakuna atakayeendelea kuutafuta huo ukweli.

Mwaka 1996 Saul Kassin na Katherine Kiechel walionyesha hili kwenye maabara. Wanafunzi walikuwa wanachapa kwenye kompyuta, wameonywa wasiguse kitufe fulani, kompyuta ikazima, wakatuhumiwa wamekigusa. Hakuna aliyekigusa. 69% wakasaini karatasi ya kukiri, 28% wakaamini kweli walikigusa, na wengine wachache wakabuni hadi maelezo ya jinsi ilivyotokea. Kosa dogo ndio, maabara sio kituo cha polisi, lakini pale hakukuwa na seli wala usiku mzima wa kuhojiwa.

Lakini alitaja vitu ambavyo mhalifu tu angevijua?

Uliza kwanza nani alivitaja mwanzo. Mara nyingi vimetoka mdomoni kwa wapelelezi wenyewe bila wao kujua, kwa picha walizomwonyesha, kwa kumpeleka eneo la tukio, kwa swali kama "kisu ulikitupa mtoni?". Ndo maana mahojiano yote yanatakiwa kurekodiwa toka sekunde ya kwanza, sio ile nusu saa ya mwisho ya kukiri.

Sasa kama kusoma uso hakufai na kubana hakufai, kinachofaa ni nini?

Kuuliza vizuri na kunyamaza. Inasikika ndogo lakini ni ngumu kuliko kubana.

Uingereza baada ya kashfa za watu waliofungwa bila kosa, wale wanne wa Guildford walioachiwa 1989 na sita wa Birmingham walioachiwa 1991, walibadilisha kabisa namna ya kuhoji. Mtafiti John Baldwin alikuwa amesikiliza mahojiano 600 ya polisi yaliyorekodiwa, na alichokuta wengi sio ujanja mkubwa wa kutisha, alikuta uzembe: hawajajiandaa, wameshaamua jibu, hawasikilizi. Ndipo mwanzoni mwa miaka ya 1990 ikaja njia inayoitwa PEACE, lengo lake ni kupata habari na sio kupata kukiri. Unajiandaa, unajenga maelewano na kueleza utaratibu, unaacha mtu atoe maelezo yake yote, unauliza ufafanuzi na kumwekea yasiyolingana, unafunga, alafu unajitathmini. Wapelelezi kule hawaruhusiwi kumdanganya mtuhumiwa kuhusu ushahidi. Mwaka 2021 zikatoka Kanuni za Méndez, zilizopewa jina la Juan Méndez aliyekuwa mtaalamu maalum wa Umoja wa Mataifa kuhusu mateso, zinataka mwelekeo huo huo kwa dunia nzima.

Kwa mashahidi kuna mahojiano ya kumbukumbu ya Ronald Fisher na Edward Geiselman, walianza nayo miaka ya 1980. Shahidi anarudishwa kimawazo mahali pale, ulikuwa umesimama wapi, ulisikia nini, ulikuwa unajisikiaje, alafu anaambiwa eleza kila kitu hata unachoona ni kidogo, na hakatizwi. Watafiti hao waliposikiliza kanda za wapelelezi wakakuta shahidi akianza kujibu anakatizwa baada ya wastani wa sekunde 7.5. Hesabu sekunde saba kichwani uone. Mtu ndo kwanza anaanza kukumbuka, umeshamrukia na "alikuwa mrefu?"

Na kwa kumtambua mwongo pia njia ipo ila inapita kwenye maneno. Pär Anders Granhag na Maria Hartwig wa Sweden walifundisha wanafunzi wa upolisi kutokuonyesha ushahidi mapema. Mfano kuna video inaonyesha mtu ameingia dukani saa tisa. Usimwambie. Mwache aeleze siku yake, muulize taratibu kuhusu mtaa ule, maduka yale, alikaribia wapi. Mkweli ataitaja duka mwenyewe kwasababu hana cha kuficha, mwongo atalikwepa, ndipo unaweka video mezani. Kwenye utafiti wao wa 2006 waliofundishwa walipatia 85%, wasiofundishwa 56%. Hawakuangalia macho ya mtu, waliangalia kama maneno yanaendana na ushahidi.

Mtoto mdogo anaweza kuwa shahidi wa kuaminika?

Anaweza, tena vizuri kuliko watu wanavyodhani, ila anategemea sana mtu anayemuuliza. Mtoto wa miaka minne ukimwambia "niambie kilichotokea" atakupa maneno machache, labda sentensi mbili, na hizo sentensi mbili kwa kawaida ni sahihi. Tatizo mtu mzima haridhiki na sentensi mbili. Anaanza kuchomeka. Hapo sasa ndo ushahidi unaanza kuharibika, na aliyeuharibu sio mtoto.

Swali tu linawezaje kubadilisha kumbukumbu?

Hata kwa watu wazima linabadilisha. Mwaka 1974 Elizabeth Loftus na John Palmer waliwaonyesha watu filamu ya ajali, wengine wakaulizwa magari yalikuwa na spidi gani yalipogusana, wengine yalipopondana. Neno moja tu limebadilishwa na makadirio ya spidi yakapanda. Wiki moja baadae wakaulizwa kama waliona vioo vilivyovunjika, waliosikia neno zito ndio waliosema ndiyo kwa wingi, na filamu haikuwa na vioo vilivyovunjika.

Kwa watoto wa chekechea Michelle Leichtman na Stephen Ceci (1995) walitumia mgeni anaitwa Sam Stone. Kabla hajaja, watoto wengine waliambiwa stori kwamba Sam ni mtu wa kuvunjavunja vitu. Akaja, akakaa dakika mbili, hakugusa kitu, akaondoka. Baadae kwa wiki kadhaa wakaulizwa maswali yaliyobeba uongo ndani, "Sam alipochana kile kitabu alikuwa amekasirika?" Mwishoni mtu mwingine mpya alipowauliza, 72% ya wale wa miaka 3 na 4 waliopewa vyote viwili, stori na maswali, walisema Sam aliharibu angalau kitu kimoja. Na waliongeza vionjo wenyewe. Watoto ambao hawakupewa stori wala maswali ya hivyo walikuwa sahihi kabisa karibu wote.

Kwenye maisha halisi kuna kesi ya chekechea ya McMartin, California, ilianza 1983 ikaisha 1990 bila mtu hata mmoja kutiwa hatiani, mamia ya watoto walihojiwa. Kanda zao zipo na wanasaikolojia wamezichambua: mtoto anaambiwa wenzako wote wameshasema, anasifiwa akisema kinachotakiwa, akisema hapana anaambiwa "sasa wewe huna akili?", anaombwa ajifanye, abuni. Mwaka 1998 Sena Garven na wenzake walijaribu mbinu hizo hizo kwa watoto wa miaka 3 hadi 6 kuhusu mgeni aliyekuja kuwasomea hadithi. Ndani ya dakika chini ya tano, 58% ya majibu yalikuwa ya kumsingizia mgeni. Kwenye kundi lililoulizwa maswali elekezi tu bila sifa na bila shinikizo ilikuwa 17%. Kwahiyo swali elekezi ni baya lakini sifa na vitisho vikiongezwa juu yake ni janga.

Na uchungu wa haya mambo unaenda pande zote mbili. Mtu asiye na kosa anaharibiwa maisha, na mtoto ambaye kweli ameumizwa anakosa haki kwasababu wakili atasimama aonyeshe jinsi maneno yalivyowekwa mdomoni, na atakuwa sahihi.

Nionyeshe basi tofauti kwa mfano.

Huu ni mfano wa kutungwa, mtoto wa miaka mitano, mhojaji anayekosea:

"Mjomba alikushika, sio?"
(kimya)
"Usiogope, mama ameshaniambia. Alikushika mguuni au wapi?"
"Mguuni."
"Na kwingine? Alikushika na kwingine, eeh?"
"Ndiyo."
"Vizuri sana, wewe mtoto jasiri."

Hesabu mtoto amesema nini hapo. Maneno mawili, yote ya mhojaji. "Mguuni" ilikuwa kwenye swali, "ndiyo" ni ya kumridhisha mtu mzima. Hata kama lilitokea kweli, hapo hakuna ushahidi.

Sasa mwingine:

"Niambie umekuja hapa kuongea na mimi kuhusu nini."
"Kuhusu Mjomba."
"Niambie habari ya Mjomba."
"Alifanya vibaya."
"Alifanya vibaya. Niambie kila kitu kuhusu hapo, toka mwanzo."
(kimya kirefu, mhojaji anasubiri)
"Tulikuwa kwenye gari. Mama alishuka. Alafu akazima redio."

Redio hiyo hakuna mtu mzima alimpa. Ni kitu kidogo ambacho mpelelezi anaweza kwenda kukifuatilia, gari gani, mama alishuka wapi, saa ngapi. Na kimepatikana kwasababu mtu alikubali kukaa kimya.

Wataalamu wanafuata utaratibu gani na watoto?

Unaotafitiwa zaidi ni ule wa NICHD, taasisi ya taifa ya afya ya watoto ya Marekani, uliotengenezwa na Michael Lamb, Kathleen Sternberg, Yael Orbach, Irit Hershkowitz na Phillip Esplin, na unatumika Israeli na nchi nyingine kadhaa. Kwanza mtoto anaelezwa sheria za maongezi: hujui sema sijui, hujaelewa sema sijaelewa, nikikosea nisahihishe. Na hizo sheria anazijaribu, "nikikuita mvulana wakati wewe msichana utasema nini?", kwasababu watoto wengi hawajawahi kuruhusiwa kumsahihisha mtu mzima. Alafu anaulizwa kuhusu kitu cha kawaida alichofurahia, siku ya sikukuu mfano, akisimulie mwanzo mwisho, ili azoee kwamba hapa ni yeye anayeongea. Ndipo inakuja mada yenyewe, kwa mialiko ya wazi: niambie zaidi, kikafuata nini, umesema kitanda, niambie kuhusu hicho kitanda. Maswali ya nani na wapi yanakuja baadae, ya ndiyo au hapana mwisho kabisa na kwa uchache, na kila likiulizwa unarudi kwenye wazi.

Toleo lililorekebishwa limeongeza msaada wa kihisia, kumwita jina, kumshukuru kwa kuja, kumwambia unajali anavyojisikia. Hiyo haimpoteshi, tofauti iko hapa: unamsifia kwa kujitahidi, humsifii kwa jibu.

Midoli inasaidia?

Midoli yenye viungo vya siri, kwa watoto wadogo sana mimi nisingeitumia. Mtoto wa miaka mitatu anacheza na mdoli, anaingiza kidole kila kwenye tundu, na mtu mzima anasoma hapo kitu ambacho hakipo.

Mtoto hajui tarehe wala ni mara ngapi, si anaonekana anabuni?

Hapana, kuhesabu matukio yaliyojirudia na kuyaweka kwenye kalenda kunakuja ukubwani zaidi. Ukimlazimisha atataja namba yoyote, "mara kumi", kesho "mara tatu", na kesi inavunjika kwa kitu ambacho hakupaswa kuulizwa. Muulize kulikuwa na nani, televisheni ilikuwa inaonyesha nini, alikuwa ameshaanza shule au bado. Au mara ya mwisho ilikuwaje, na ile unayoikumbuka zaidi.

Alikaa kimya miaka miwili, na sasa amebadilisha maneno. Ni mwongo?

Kuchelewa kusema ni kawaida sana kwa walioumizwa kingono wakiwa wadogo, wengi hawasemi mpaka wawe watu wazima. Wanaogopa hawataaminiwa, wanampenda au wanamtegemea aliyewafanyia, wametishiwa, au hawakujua kwamba kile ni kosa. Na wapo wanaokana baadae, hasa pale mzazi mwingine anapokuwa upande wa mtuhumiwa. Kukana kwenyewe hakuthibitishi alidanganya mwanzo kama ambavyo kukiri kwa mtu mzima hakuthibitishi alifanya. Unarudi kwenye mahojiano ya kwanza kabisa: aliulizwaje? Na nje ya maneno yake kuna nini cha kushikika?

Kuongeza kitu kipya mahojiano ya pili nako ni kawaida ya kumbukumbu ya mtu yeyote. Kupingana na alichosema mwanzo ndo kunataka uangalifu.

Kwani watoto hawadanganyi?

Wanadanganya mapema tu, na ni dalili akili inakua kawaida. Michael Lewis na wenzake (1989) waliwaacha watoto wa miaka mitatu chumbani na kitu cha kuchezea nyuma yao, wakaambiwa wasigeuke. Karibu wote waligeuka, waliokiri ni 38% tu. Na wanaowaangalia usoni wakidanganya hawawezi kuwatambua vizuri, hata wazazi wao. Ila Kang Lee na Victoria Talwar wameonyesha kitu kizuri: ukimwomba mtoto aahidi kusema kweli kabla hujauliza, uwezekano wa kusema kweli unapanda. Mtihani wa kumuuliza "uongo ni nini, ukweli ni nini" haukuambii kama atasema kweli, ahadi inafanya kazi zaidi.

Pia kumbuka uongo wa watoto mara nyingi ni wa kuficha, kujilinda au kumlinda mtu mzima aliyemwambia "hii ni siri yetu".

Mtoto ameniambia kitu kibaya sasa hivi. Nifanye nini?

Acha unachofanya, msikilize. Mwache amalize kwa maneno yake, usimkimbize, usionyeshe kushtuka kupita kiasi maana akiona unalia atanyamaza ili akulinde. Ukihitaji kuuliza, uliza moja tu la wazi, "niambie ilikuwaje". Ukishajua kwamba mtoto hayuko salama, inatosha, usiendelee. Kutafuta undani ni kazi ya aliyefundishwa.

Mwambie umefanya vizuri kuniambia, na sio kosa lako. Usimwahidi hutamwambia mtu kwasababu itabidi umwambie mtu, na hiyo ahadi ukiivunja hatakuamini tena. Usimwite mtuhumiwa waje wakae mbele yake waongee. Usimrudishe arudie kwa bibi, kwa mwalimu, kwa jirani, kila kurudia kunachanganya kumbukumbu na kumchosha moyo.

Alafu andika, dakika hiyo hiyo: amesema nini neno kwa neno hata kama neno lake ni la kitoto, wewe ulimuuliza nini neno kwa neno, saa ngapi, mlikuwa wapi. Swali lako ni muhimu sawasawa na jibu lake. Na toa taarifa kwa mamlaka ya ulinzi wa mtoto au polisi siku hiyo, na kama kuna maumivu ya mwili au tukio ni la karibuni, hospitali kwanza.

Ni lazima mtoto ahojiwe mara nyingi na kila ofisi?

Haifai iwe hivyo. Mwaka 1985 huko Huntsville, Alabama, kilianzishwa kituo cha kumleta polisi, daktari, mwendesha mashtaka na ustawi sehemu moja ili mtoto asizungushwe, na Iceland mwaka 1998 wakaanzisha Barnahus, nyumba ya watoto, mahojiano yanafanyika mara moja na mtu mmoja aliyefundishwa, yanarekodiwa, wengine wanaangalia chumba cha pili. Mwongozo wa Umoja wa Mataifa wa 2005 kuhusu watoto waathirika na mashahidi nao unataka idadi ya mahojiano ipunguzwe. Pale ambapo nyumba kama hiyo haipo, chumba kimoja kimya, mtu mmoja na simu inayorekodi ni bora kuliko ofisi tano.

Nimehudhuria semina ya siku tatu, naweza kuanza kuhoji watoto?

Semina inakupa maarifa, haikubadilishi mdomo. Hili limeonekana tena na tena kwenye tafiti za Lamb na wenzake: wahojaji wanatoka darasani wanajua kabisa swali la wazi ni lipi, wanaingia chumbani na kurudi kwenye ndiyo au hapana, na wenyewe hawajisikii. Wanaobadilika ni wale ambao rekodi zao zinasikilizwa na mtu mwingine mara kwa mara, wanaonyeshwa "hapa ulikatiza, hapa uliongeza neno ambalo mtoto hakulisema", na usimamizi huo ukisimama viwango vinashuka tena. Kwahiyo kabla hujaanza tafuta mwenzako mmoja wa kubadilishana nae rekodi, kwa kufuata taratibu za usiri za kazi yenu, na mjihesabie kwenye kila mahojiano maswali ya wazi yalikuwa mangapi, ya ndiyo au hapana mangapi.